Madoa meusi angani: nimpe fundi kamera aifungue?

Shikamoo Mzee wa Kamera, na wasomaji wenzangu mbukwenyi.

Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Napiga picha za send-off, kipaimara na mahafali, na kazi hiyo ndiyo inayonilipia kodi. Natumia Canon 700D ya mtumba aliyoninunulia mjomba alipouza mahindi yake Kibaigwa. Nina lenzi mbili, ile 18-55 iliyokuja na kamera na nyingine ya 50.

Mwezi uliopita nilipata kazi Chamwino. Kikundi cha akina mama wapiga muheme, ngoma yetu ya Kigogo, walitaka picha za kujitangaza. Tulipiga saa saba mchana uwanjani, jua kali, wanacheza na ngoma zao na vumbi linapanda hadi kiunoni. Nilibadilisha lenzi palepale, tena zaidi ya mara moja. Kufika nyumbani nafungua picha kwenye kompyuta, naona madoa ya kijivu angani, mahali palepale kila picha. La juu kushoto ndilo kubwa kuliko yote. Kiongozi wao akaniuliza kama ni ndege. Nilicheka, lakini roho iliniuma.

Kinachonichanganya ni kwamba siku chache baadaye nilipiga send-off ukumbini kwa kamera hiyohiyo na picha zikatoka safi kabisa. Picha za Chamwino zina madoa hayohayo kwa lenzi zote mbili. Tena nikichungulia kwenye kitundu naona vitu kama vinyweleo, ila kwenye picha havitokei.

Nilimpelekea fundi mmoja mjini. Akamulika na tochi ya simu, akasema lenzi ya 18-55 imeingia vumbi ndani, lazima aifungue, na kamera nayo ataifuta na spiriti. Anataka elfu tisini na nimeshampa kianzio elfu thelathini, ila vitu vyangu bado ninavyo. Rafiki yangu anasema hela yote hiyo ya nini, nitumie pamba za masikio na pumzi. Kaka yangu ana kijiwe cha kuziba pancha Nzuguni, yeye anasema nipite nayo aipige upepo wa kompresa dakika moja tu. Jumamosi ya wiki ijayo nina harusi. Mjomba sijamwambia kitu, namwogopa. Nifanye nini?

Binti wa Madoa, Nkuhungu

JIBU

Marahaba, binti yangu. La kwanza kabisa, usipite Nzuguni. Kaka yako ana nia njema, lakini upepo wa kompresa ya matairi hutoka na matone ya maji na mafuta ya mashine, na nguvu yake inatosha kupinda mapazia ya shata, yale yanayofunguka mwanga uingie unapopiga, ambayo ni membamba kuliko wembe. Ukishapata mafuta kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, na shata iliyopinda, elfu tisini ya fundi utaiona ndogo.

La pili, lenzi yako haina kosa. Ushahidi umeuandika mwenyewe bila kujua: lenzi mbili tofauti, madoa yaleyale mahali palepale. Doa lingekuwa la lenzi lingeondoka na lenzi. Tena vumbi lililo ndani ya lenzi ni nadra kuonekana kwenye picha, labda liwe jingi mno au upige ukilielekea jua. Lenzi ya 18-55 inavuta hewa na kuitoa kila unapoizungusha, kwa hiyo ukiimulika na tochi hutakosa chembe ndani yake, hata ingekuwa imetoka dukani mwaka jana. Tochi humtisha mteja kuliko inavyomsaidia fundi.

Vinyweleo unavyoviona kwenye kitundu viache vilivyo. Hivyo viko juu, upande wa kitundu cha kuchungulia, kwenye kile kioo cha plastiki ambacho taswira hutua kabla hujapiga. Ukibonyeza, kioo cha chini kinainuka, mwanga unapita kwenda nyuma, na vinyweleo havimo tena njiani. Ile plastiki ni laini sana, na kioo kinachoinuka kimepakwa madini yake usoni, si mgongoni kama kioo cha kabati. Ukikigusa kwa kitambaa umekichuna. Nimeona kamera nzuri tu zilizoharibiwa kwa namna hii, mwenyewe akitafuta kuondoa kitu ambacho hakikuwa kikimdhuru.

Madoa yako basi yako kwenye sensa, au tuseme vizuri zaidi, yako kwenye kioo cha kuchuja kilichobandikwa mbele ya sensa. Na hapa ndipo penye jibu la ukumbini. Ukumbini mwanga ni hafifu, pengine umefungua ile lenzi ya 50 hadi f/2.8 au pungufu ya hapo (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana). Mwanga unaingia kutoka pande nyingi na kuizunguka chembe, kivuli chake kinayeyuka, kama wewe mwenyewe usivyokuwa na kivuli siku ya mawingu mazito. Chamwino saa saba mchana ni habari nyingine. Nadhani ulitumia flash kuondoa giza la macho, na kwa flash ya kawaida shata ya 700D haivuki kasi ya sekunde 1/200. Hapo huna pa kukimbilia, ISO 100 (kamera inahisi mwanga kidogo kabisa) na f/11 au f/16. Tundu la lenzi likibanwa namna hiyo mwanga unakuja umenyooka, na kila chembe inapiga kivuli chenye kingo. Ongeza anga tupu la buluu nyuma ya akina mama, umepata ndege wa kiongozi wao. Hata ukumbini madoa yalikuwepo, hayakuonekana tu.

Sasa vumbi lenyewe. Wenzetu wa Dar na Tanga wanahangaika na ukungu unaoota ndani ya lenzi kwa sababu ya unyevu. Sisi huku kati tumesalimika na hilo, tumepewa vumbi. Angalia milima yetu, angalia lile jiwe la Simba: ni granaiti, na granaiti ikisagika kwa miaka mingi inaacha mchanga wa kwatsi. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs kwatsi ni 7, kioo cha kawaida ni kama 5 na nusu. Maana yake chembe ya uwanja wa Chamwino inaweza kuchora kioo, na kioo hakiwezi kuichora yenyewe. Ndiyo sababu rafiki yako na pamba zake nampinga, na fundi na spiriti yake pia, kama anaanza kwa kufuta. Ukifuta kabla hujapuliza, unaburuta mchanga juu ya sensa. Doa la vumbi linaondoka, mchoro hauondoki.

Pamba za masikio zina ubaya wa ziada, zinaacha nyuzi. Pumzi ina mate. Spiriti ya duka la dawa ina maji na vingine vilivyochanganywa humo, ikikauka inaacha utando. Na ile mikebe ya hewa ya kusafishia kompyuta nayo iogope. Ukiiinamisha inatema gesi yake ikiwa bado kimiminika, baridi kama barafu, na doa lake ni kazi kulitoa.

Nenda hivi, na usiruke hatua.

Anza na picha ya majaribio. Weka gurudumu kwenye M, unapopanga kila kitu mwenyewe, ISO 100, f/22, fokasi kwa mkono na uipoteze makusudi, elekeza lenzi kwenye ukuta mweupe au karatasi, shata polepole, hata sekunde nzima, huku ukitikisatikisa kamera. Mtikisiko unafuta alama za ukuta, madoa yanabaki kwa sababu yanatembea na kamera. Fungua kwenye kompyuta kwa ukubwa kamili, ihifadhi. Bila picha hii hutajua kama umesafisha au umehamisha. Na usishtuke ukiona mengi, f/22 inaonyesha hata yale ambayo mteja hatayaona maishani.

Kisha iachie kamera ijisafishe. 700D ina mtetemo wa kukung'uta sensa, uko kwenye menyu. Iweke mezani imesimama kwa kitako chake, ndipo kinachong'oka kidondoke chini. Rudia kidogo, piga tena picha ya majaribio. Vumbi kavu jepesi huishia hapa. Kampuni ya Olympus waliuleta ujanja huu mwaka 2003 kwenye kamera yao ya E-1, na wengine wakafuata, lakini haujawahi kutosha kwa vumbi letu. Hewa ikiwa kavu kama ya hapa mwezi wa tisa, chembe inashika kwa umeme tuli na haisikii mtetemo.

Inayobaki ipulize. Nunua bloa, ile pampu ya mpira yenye mdomo mrefu wanayouza maduka ya kamera. Ukikosa, duka la dawa lina pampu ya mpira ya kuvuta makamasi ya watoto, na watu wengi wanaitumia, ila sikiliza: nyingi zina unga mweupe ndani ili mpira usigandane. Ukiipuliza ilivyo, umeimwagia sensa poda. Ioshe kwa maji ya sabuni, isuuze, iache ikauke siku nzima mdomo ukiwa chini, kisha ijaribu kwanza kwenye kioo cheusi cha simu. Tena pampu ya aina hiyo inavuta hewa kwa mdomo uleule inaotolea, kwa hiyo kila ukiminya itoe nje ya kamera ndipo uiachie ijae. Bloa yenyewe ya kamera mara nyingi ina tundu la nyuma lenye kichujio, haina tabu hiyo. Kama hela ipo, nunua bloa.

Chumba ni muhimu kuliko pampu. Dodoma fanya asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka. Bafuni ndiko kuzuri: mwaga maji sakafuni na ukutani, funga dirisha, subiri vumbi lililoko hewani litue, kisha ukaushe mikono uingie. Zima feni. Blanketi, taulo jipya na sweta la manyoya viache chumbani.

Betri iwe imejaa, na hapa sikubali "imebaki robo". Weka gurudumu kwenye M, ingia menyu ya kusafisha sensa, chagua kusafisha kwa mkono. Kioo kitainuka na shata itafunguka. Umeme ukikatika katikati, vyote vinajifunga juu ya chochote ulichokiingiza. Kwa sababu hiyohiyo usitumie ile njia ya kushikilia shata kwenye B, inayobaki wazi kadiri unavyobonyeza, kidole kikiteleza tu imekula kwako.

Kabla ya kuinua kioo, geuza mdomo wa kamera uangalie sakafu na upulize mle ndani kwanza, vumbi lililolala kwenye kuta za kiboksi litoke. Zungusha pia hewa kwenye nyuma ya lenzi na kwenye vifuniko vyote viwili. Watu wanasahau vifuniko. Kinakaa mfukoni na chenji na makombo ya karanga, halafu kinawekwa usoni pa sensa. Ukishainua kioo, kamera bado ikiangalia chini, mdomo wa pampu ubaki nje ya pete ya chuma, minya kwa nguvu mara tano sita ukihamahama pembe. Zima kwa swichi, kioo kitashuka chenyewe.

Kama unataka kujua unalenga wapi: taswira kwenye sensa imepinduliwa. Ukiishika kamera wima na kuitazama usoni, doa la juu kushoto kwenye picha linakaa chini kushoto kwenye sensa. Kushoto haibadiliki, juu na chini ndivyo vinavyobadilishana. Mimi simuliki kwa muda mrefu, lakini kwa lile "ndege" lako kubwa unaweza hata kuliona kwa macho.

Piga tena ya majaribio, linganisha, puliza tena. Wengi wanamaliza hapo, na wewe nakutarajia umalize hapo. Yakibaki mawili matatu madogo yanayoonekana f/22 tu, achana nayo, harusi yako nani ataipiga f/22?

Kufuta kwa majimaji ni kwa doa lililogoma kabisa, au lile la duara lenye kitovu hafifu ambalo mara nyingi ni mafuta ya shata. Hapo unahitaji vijiti vya swabu vya sensa vyenye upana wa sensa yako. Ya 700D ni 22.3 kwa 14.9 mm, kwa hiyo vya 16 mm. Kamera za fremu kamili, zenye sensa kubwa zaidi, zina vya 24 mm, haviingii kwako. Dawa yake ni ya sensa, na nyingi zimetengenezwa kwa methanoli safi sana, sumu na inashika moto haraka, iweke mbali na jiko la gesi na mbali na watoto. Tone moja au mawili kwenye kijiti, subiri inywe, telezesha mara moja kutoka ukingo hadi ukingo bila kukandamiza, geuza upande wa pili urudi nao, tupa. Kijiti hakirudiwi hata kama bei inauma. Kama mkono unatetemeka, usianze wiki ya harusi. Na msomaji mwenye kamera isiyo na kioo yenye sensa inayoelea kuzuia mtikisiko, wewe shika kwa wepesi zaidi, sensa yako imeshikiliwa kwa sumaku.

Uwanjani sasa. Ungekuwa umebadilisha lenzi mara moja kabla ya kufika, barua hii usingeiandika. Kwa muheme, 18-55 peke yake inakutosha. Ukilazimika, ingia kwenye gari, vioo juu, feni ya gari imezimwa, subiri dakika moja. Hakuna gari? Geuza mgongo kwa upepo, jikunje, zima kamera, lenzi ya pili iwe mkononi tayari na kifuniko kimelegezwa, mdomo wa kamera chini wakati wote. Wanaouacha ukiangalia mbinguni huku wanachakura begi ninawaona kila msimu wa mahafali pale Chimwaga, na wengi wao watakuwa wasomaji wa safu hii mwezi wa kwanza.

Picha za Chamwino haziendi kupigwa upya. Madoa yapo mahali palepale, hiyo ndiyo bahati yako. Kwenye Lightroom, programu ya kurekebishia picha, yatoe kwa brashi ya kuponya kwenye picha moja yenye anga kubwa, kisha nakili marekebisho hayo kwa picha zote zilizolala upande uleule. Zilizosimama zifanyie peke yake. Halafu pitia moja moja, maana pale ambapo doa lilikuwa angani kwenye picha ya kwanza, kwenye ya ishirini pana jicho la mama wa watu au shanga zake, na programu haitajua tofauti. Ukimaliza mpelekee kiongozi wao, mwambie ndege wameruka.

Ijumaa asubuhi ya kuamkia harusi piga ya majaribio mara ya mwisho. Nje, kama jua si la kutisha, jaribu kubaki f/5.6 au f/8 na uwatafutie maharusi kivuli cha mti. Nyuso zao zitapendeza na madoa hayatapata pa kujionyesha.

Mjomba mwambie. Hujaharibu kitu, umepata vumbi, na mtu aliyeuza mahindi Kibaigwa anajua vumbi ni nini. Ukiwa na picha mbili za majaribio, ya kabla na ya baada, huna haja ya kumwogopa. Na akisikia kwanza kwa huyo fundi ndiyo utakuwa na la kujieleza.

Fundi simwiti tapeli, inawezekana amezoea kamera za aina nyingine. Kamwulize atafuta kwa kijiti gani na dawa gani, na kama atakupigia ya f/22 kabla na baada. Akionyesha swabu zake bado kwenye pakiti na anafanyia kazi chumba cha ndani, mkumbuke kwa siku ya doa gumu. Akikuambia "niachie tu, mimi mzoefu" na meza yake iko barazani kwenye vumbi la bodaboda, ondoka na kamera yako. Lenzi haifunguliwi kwa vyovyote. Elfu thelathini yako kaidai leo kabla haijawa mafuta ya pikipiki, na kama imeshakuwa, akubandikie mipira ya mshiko. Sijawahi kuona 700D ya mtumba iliyokaa na jua la Dodoma ambayo mipira yake haijabanduka.